Vitabu katika Bandari za China: Nani Alishika Ufunguo?

Mjadala wa mkataba wa bandari ukipamba moto kwetu, uwe wa Dar es Salaam au wa Mombasa, hakosekani wa kuitolea mfano China. Mmoja atasema Waingereza waliikodi Hong Kong kwa miaka 99. Mwingine ataongeza kwamba China nzima ilikuwa koloni, na kwamba Wazungu ndio walioijenga Shanghai wakawaletea Wachina shule, magazeti na vitabu. Wa tatu atakataa katakata: wageni hawakuleta lolote isipokuwa afyuni na mizinga. Kila nikizisikia hoja hizi naona watu wanabishana juu ya mambo matatu tofauti kana kwamba ni moja.

Makala haya yanajaribu kuyatenganisha. Sitapita njia ya vita na mikataba peke yake. Nitafuata vitabu: nani alivichapa, viliuzwa wapi, vilifungiwa nyuma ya mlango gani, na nani aliruhusiwa kuufungua. Mengi yanayosemwa kwa mkato kuhusu bandari zile hayasimami ukiyatazama kutoka upande huo.

Koloni, bandari ya mkataba, mtaa wa kigeni

Koloni ni eneo lililotwaliwa kabisa. Kisiwa cha Hong Kong kilichukuliwa na Uingereza kwa Mkataba wa Nanjing wa tarehe 29 Agosti 1842, baada ya China kushindwa katika Vita vya kwanza vya Afyuni. Rasi ya Kowloon ikafuata mwaka 1860. Ile miaka 99 inayotajwa kila siku inahusu kipande cha tatu tu, eneo kubwa la bara na visiwa lililokodiwa mwaka 1898. Ukodishaji huo ulipokaribia kwisha ndipo vipande vyote vitatu viliporudishwa pamoja, Julai 1997. Macau ilikuwa na historia yake, kwani Wareno walikaa pale tangu 1557.

Bandari ya mkataba ni kitu kingine. Mkataba wa Nanjing uliilazimisha China kufungua miji mitano kwa biashara ya wageni: Guangzhou, Xiamen, Fuzhou, Ningbo na Shanghai. Baada ya vita vingine ikaongezwa mingine, ikiwemo Tianjin upande wa kaskazini na Hankou ndani kabisa kwenye mto Yangtze. Miji hii ilibaki mali ya China, na maofisa wa China waliendelea kuitawala sehemu kubwa ya kila mji.

Ndani ya baadhi ya bandari hizo ndimo mlimokuwa na mitaa ya kigeni: maeneo yenye mipaka, polisi wake na baraza lake la manispaa. Shanghai ilikuwa nayo miwili, Mtaa wa Kimataifa uliotokana na maeneo ya Waingereza na Wamarekani kuunganishwa mwaka 1863, na Mtaa wa Wafaransa. Tianjin ilifikia kuwa na ya mataifa tisa.

Chukua mfano wa mwenye nyumba anayelazimishwa kwa mtutu wa bunduki kupangisha vyumba vya mbele. Hati ya nyumba inabaki na jina lake, na kodi kidogo analipwa. Lakini mpangaji ana mlinzi wake, anatunga kanuni za barazani, na akimdhulumu jirani kesi yake inasikilizwa na kaka yake badala ya mjumbe wa mtaa.

Hilo la kesi halipaswi kuwa geni kwa watu wa pwani. Mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833, na ule wa Uingereza wa 1839, iliwapa mabalozi wa nchi hizo mamlaka juu ya kesi za raia wao hapo Zanzibar, mji ukiwa bado wa Sultani. Huko China mpango wa namna hiyo ulitandazwa juu ya miji mingi na ukadumu karne nzima. Uingereza na Marekani ziliuachia kwa mikataba ya mwaka 1943 tu.

Jambo moja zaidi kuhusu maneno kabla hatujaenda kwenye vitabu. Ukisikia "mtaa wa kigeni" unaweza kudhani umejaa wageni. Mwanzoni ndivyo ilivyokusudiwa. Uasi uliozuka Shanghai mwaka 1853 ukawakimbiza maelfu ya Wachina kutoka mji wa kale, wakaingia eneo la wageni kutafuta usalama, na wenye viwanja wakaona faida ya kuwapangisha. Kufikia 1930 Mtaa wa Kimataifa ulikuwa na watu takribani milioni moja, na kati yao wageni walikuwa kama 36,000. Kwa hiyo tunapozungumzia usomaji katika bandari hizi tunawazungumzia Wachina, ndani ya mji ambao kanuni zake zilitungwa na wachache wasio Wachina.

Uchapaji ulikuwapo, milango ilikuwa imefungwa

Dai kwamba wageni waliipelekea China vitabu halihitaji mjadala mrefu. Kitabu kilichochapwa chenye tarehe, kongwe kuliko vyote vilivyosalia vizima duniani, ni cha dini ya Kibuddha na kilitengenezwa China mwaka 868. Herufi za kupangwa moja moja zilibuniwa huko huko katika miaka ya 1040, karne nne kabla ya Ujerumani.

Lakini njia iliyotumika zaidi ilikuwa ubao. Fundi alichonga ukurasa mzima juu ya ubao, maandishi yakiwa kinyume, akapaka wino, akalaza karatasi, akapitisha brashi. Kwa lugha yenye alama za kuandikia maelfu kwa maelfu, hiyo ilikuwa akili. Mbao zikihifadhiwa vizuri mchapaji hutoa nakala 50 leo, na 50 nyingine baada ya miaka kumi, bila kulala na shehena ya vitabu visivyonunuliwa. Kazi yenyewe haikuwa ya wasomi peke yao. Huko Magang, mkoa wa Guangdong, wachongaji wengi walikuwa wanawake na wasichana wa kijijini. Na vijiji vya Sibao katika milima ya Fujian viliishi kwa kuchapa vitabu vya shule, tiba na hadithi, ambavyo wachuuzi walivibeba hadi masoko ya mbali.

Vitabu vya bei nafuu vilikuwapo, basi. Vilivyokuwa adimu ni vile vya thamani, na hivyo vilikaa katika nyumba za watu. Mfano unaojulikana zaidi uko Ningbo, mojawapo ya zile bandari tano. Ofisa mstaafu aliyeitwa Fan Qin alijenga hapo maktaba ya Tianyige kati ya 1561 na 1566, akachimba bwawa mbele yake kwa hofu ya moto. Wazao wake walijiwekea masharti makali: vitabu havitoki, havigawanywi kama urithi mwingine, na funguo zilishikwa na matawi mbalimbali ya ukoo ili mlango usifunguke mpaka wote wawepo. Mgeni wa kwanza anayejulikana kuruhusiwa kupanda kusoma, mwanachuoni Huang Zongxi, aliingia mwaka 1673, zaidi ya miaka mia baada ya jengo kukamilika.

Mimi siwalaumu akina Fan. Masharti hayo ndiyo yaliyoiwezesha maktaba kudumu wakati nyingine nyingi zilisambaratika mikononi mwa wajukuu wenye madeni. Ila tujue tunachokizungumzia: katika nchi iliyojaa vitabu, maktaba ilikuwa mali ya ukoo, hekalu, chuo au mfalme. Kijana wa duka mwenye hamu ya kusoma hakuwa na mlango wa kubisha.

Ng'ombe aliyechapa vitabu

Wamisionari wa London Missionary Society walifungua kiwanda cha uchapaji Shanghai katika miaka ya 1840, chini ya Walter Medhurst. Mashine yao ilikuwa ya silinda, na kwa kuwa mvuke haukuwapo, gurudumu lilizungushwa na ng'ombe. Watu walikwenda kumtazama. Mshairi mmoja wa wakati huo aliandika kwamba ng'ombe mzee hakufahamu lolote: alikuwa halimi konde la mpunga, alikuwa analima shamba la vitabu.

Mwaka 1849 kijana aitwaye Wang Tao, ambaye baba yake alikuwa amefariki akaacha familia bila kipato, alikubali kazi pale. Kazi yake ilikuwa kuyafanya maandiko ya wamisionari yasomeke kwa Kichina chenye heshima. Huyu anastahili kukumbukwa, kwa sababu maisha yake yanaonyesha bandari zilivyofanya kazi. Mwaka 1862 serikali ya Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China, ilimshuku kuwasiliana na waasi wa Taiping. Akakimbilia Hong Kong, akamsaidia James Legge kutafsiri vitabu vya kale vya Kichina kwa Kiingereza, akaishi Scotland miaka kadhaa, kisha mwaka 1874 akaanzisha gazeti la kila siku, Xunhuan Ribao, lililomilikiwa na kuendeshwa na Wachina. Msomi aliyeshindwa kupanda ngazi ya mitihani ya serikali akawa mhariri aliyesomwa na watawala. Mlango huo ulipatikana bandarini tu.

Ukimtazama vizuri Wang Tao, unaona kasoro katika habari ya "wamisionari waliwaletea". Medhurst hakuwa na kitabu kinachosomeka bila mwandishi Mchina aliyeketi kando yake. Alexander Wylie, aliyesimamia kiwanda hicho, alikamilisha tafsiri ya hisabati ya Euclid pamoja na mwanahisabati Li Shanlan. John Fryer, Mwingereza aliyeajiriwa na serikali ya China katika idara ya tafsiri ya kiwanda cha silaha cha Jiangnan tangu 1868, alisoma kwa sauti na kueleza, na wenzake kama Xu Shou wakaandika na kusahihisha. Jina la mgeni mara nyingi ndilo lililobaki juu ya jalada.

Na kuna aliyefanya kinyume chake kabisa. Lin Shu, mtu wa Fuzhou, hakujua lugha yoyote ya kigeni. Marafiki waliozijua walimsimulia riwaya kwa mdomo naye akaziandika papo hapo kwa Kichina cha kale kilichopendeza mno. Alitoa zaidi ya tafsiri 150 za namna hiyo kabla ya kufariki mwaka 1924, na zaidi ya ishirini zilikuwa za H. Rider Haggard, yule yule ambaye wasomaji wa Kiswahili walimpata baadaye katika Mashimo ya Mfalme Sulemani. Hadithi hizo za Mwingereza akiipamba Afrika kama anavyotaka zilisomwa kwa hamu Shanghai kabla hazijasomwa shuleni Tanganyika. Nadhani hilo linastahili utafiti kuliko linavyopata.

Bei iliposhuka

Kilichobadilisha maisha ya wasomaji wa kawaida zaidi ya mahubiri yote kilikuwa uchapaji wa jiwe. Katika njia hii ukurasa huhamishwa kama picha juu ya jiwe laini lililopakwa dawa, kwa hiyo unaweza kuupunguza ukubwa bila kuchonga chochote upya. Maandishi mazuri ya mkono, michoro, ramani, vyote hupita. Ernest Major, Mwingereza aliyeanzisha gazeti la Shenbao mwaka 1872, aliingiza mashine hizo mwishoni mwa muongo huo. Akachapa Kamusi ya Kangxi, ile kamusi kubwa ya mfalme, kwa herufi ndogo na bei ndogo. Inasimuliwa kwamba nakala 40,000 zilikwisha ndani ya miezi michache. Toleo lililofuata, la nakala 60,000, lilikutana na vijana waliokuwa wakipita Shanghai kwenda Beijing kufanya mitihani ya serikali, na kila mmoja alinunua tano au sita, za kwake na za zawadi.

Wachina wenye mitaji wakafuata njia hiyo, na ushindani ukawa mkali. Shenbao lenyewe lilianzishwa na Mwingereza lakini wahariri wake walikuwa Wachina, likaja kuwa mali ya Wachina, na likatoka mpaka 1949.

Kisha ikaja Shangwu Yinshuguan, kampuni ambayo naiona kuwa kiini cha habari hii yote. Ilianzishwa Shanghai Februari 1897 na Xia Ruifang na wenzake, ambao baadhi yao walijifunza kazi katika kiwanda cha wamisionari wa Presbyterian. Mwanzoni walichapa stakabadhi, daftari za hesabu na fomu za maduka. Kitabu kilichowatoa kilikuwa cha kujifunzia Kiingereza, mwaka 1898. Waingereza walikuwa wamekitunga kwa ajili ya watoto wa shule wa India. Akina Xia walikitia tafsiri na maelezo ya Kichina, na makarani wa bandarini wakakigombea. Serikali ilipofuta mitihani ya kale mwaka 1905 shule za mtindo mpya zikahitaji vitabu kila kona ya nchi, na kampuni hii, ikiongozwa kitaaluma na Zhang Yuanji, aliyekuwa ofisa wa Qing kabla ya kufukuzwa kazi kwa kuunga mkono mageuzi, ilikuwa tayari.

Msomaji wa kichochoroni

Ni nani hasa aliyesoma? Wakulima wengi hawakujua kusoma, na wanawake waliojua walikuwa wachache zaidi. Bandarini mambo yalikuwa na nafuu. Karani, mwanafunzi wa duka, mpiga chapa, mwalimu, binti wa shule ya misheni: hawa ndio waliofanya soko la vitabu.

Wengi waliishi katika nyumba za vichochoro vya Shanghai, safu za matofali zilizobanana nyuma ya lango moja. Chumba cha bei ya chini kilikuwa kile kidogo kilichokaa juu ya jiko, katikati ya ngazi, chenye joto kali kiangazi na baridi kali kipupwe. Waandishi wasio na fedha walipanga vyumba hivyo kwa wingi hata vikatoa jina la kundi zima la waandishi. Asubuhi, wachuuzi wa magazeti walijaa barabara ya Shandong kabla jua halijapanda. Mchana, barabara ya Fuzhou ilikuwa na maduka ya vitabu, ofisi za magazeti, migahawa ya chai, kumbi za michezo na madanguro, yote bega kwa bega.

Kwa asiyeweza kununua kulikuwa na meza za vitabu vya kukodi. Tangu miaka ya 1920 watoto na vibarua waliketi juu ya vibao kando ya njia, wakilipa sarafu ndogo ya shaba kusoma vijitabu vya hadithi za picha, ukurasa mmoja picha moja. Katikati ya miaka ya 1930 riwaya za kale, ambazo hazikuwa na mwenye haki, zilichapwa upya na kuuzwa kwa asilimia nane tu ya bei iliyoandikwa juu ya jalada. Makosa ya chapa yalikuwa mengi. Watu walizisoma hivyo hivyo.

Na bado karatasi yenye maandishi iliheshimiwa. Katika miji mingi palikuwa na watu waliopita na vikapu kuokota vipande vilivyoandikwa ili vichomwe kwa adabu, visikanyagwe. Hebu fikiria desturi hiyo ikikutana na tani za magazeti ya kila siku yanayofungia samaki.

Uchiyama Kanzo, Mjapani, alianza duka la vitabu Shanghai mwaka 1917 pamoja na mkewe. Rafu zake zilikuwa wazi, wateja waliweza kuketi, kunywa chai na kusoma bila kusumbuliwa, na aliuza kwa mkopo bila kuuliza utaifa. Mwandishi Lu Xun, aliyehamia Shanghai mwaka 1927 na kufia hapo 1936, alilifanya duka hilo kuwa kama sebule yake, na siku za hatari alijificha kwa Uchiyama.

Maktaba za aina mbili

Wageni walianzisha maktaba mapema, lakini kwa ajili yao. Waingereza wa Shanghai walikuwa na klabu ya vitabu mwaka 1849, ya wanachama wanaolipa ada, na sehemu kubwa ya rafu ilikuwa riwaya na magazeti ya nyumbani yaliyokuja kwa meli. Tawi la Royal Asiatic Society lilianza mwaka 1857 na kukusanya vitabu vya kitaalamu juu ya China, likianzia na vile vya Alexander Wylie. Wajesuti wa Xujiahui, nje kidogo ya mji, walianza maktaba yao mwaka 1847, na jengo linaloonekana leo lilikamilika 1897: vitabu vya Kizungu juu, vya Kichina chini. Ilikuwa hazina kubwa, na aliyeingia ni padri au mtu aliyetambulishwa. Hong Kong ilipata maktaba ndani ya jengo lake la kwanza la City Hall mwaka 1869. Jengo lilipoanza kubomolewa mwaka 1933 mji ule wa biashara kubwa ulikaa bila maktaba ya jiji mpaka 1962. Ukitaka kupima serikali ya kikoloni ilithamini nini, miaka hiyo karibu 30 inatosha.

Hapa ndipo watu hutaja lile bango la bustani ya Shanghai, "Wachina na mbwa hawaruhusiwi". Bango lenye maneno hayo pamoja katika sentensi moja halijathibitishwa. Kilichokuwapo ni orodha ya kanuni. Kanuni moja ilisema bustani ni kwa ajili ya jumuiya ya wageni, na nyingine, mistari kadhaa chini, ilikataza mbwa na baiskeli. Wapo wanaotumia tofauti hiyo kudai kwamba malalamiko yalikuwa porojo. Siyo. Wachina, ambao kodi zao zilichangia kuitunza, walizuiwa kweli kuingia bustani hiyo, isipokuwa watumishi waliofuatana na mabwana zao, mpaka mwaka 1928. Bango laweza kuwa la kusimuliwa, lakini lango lilikuwa la kweli.

Maktaba ya kuingia mtu yeyote ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1876 chuo cha Gezhi kilifunguliwa ndani ya Mtaa wa Kimataifa kwa michango ya Wachina na wageni, kikiwa na chumba cha kusomea magazeti na vitabu vya sayansi kwa Kichina. Wang Tao, aliporejea, akawa mkuu wake. Lakini hatua kubwa zaidi ilipigwa Wuchang, ng'ambo ya mto kutoka Hankou. Mary Elizabeth Wood, Mmarekani aliyefika mwaka 1899 kumtembelea kaka yake mmisionari na asirudi, alichangisha fedha akafungua maktaba mwaka 1910 ambayo haikuwa ya wanafunzi wa misheni tu. Wenyeji walipoona haya kuingia, alituma masanduku ya vitabu mashuleni na viwandani yawafuate. Msaidizi wake, Shen Zurong, alikwenda New York kusomea ukutubi, Mchina wa kwanza kufanya hivyo, na mwaka 1920 wakaanzisha pamoja shule ya wakutubi. Wahitimu wake ndio walioendesha maktaba nyingi za China miongo iliyofuata.

Shenbao nalo likafungua maktaba ya kuazimisha Shanghai mwishoni mwa mwaka 1932, chini ya Li Gongpu. Wasomaji wake wengi walikuwa makarani wa maduka na wanagenzi. Palikuwa na dawati la kujibu barua zao: nianze na kitabu gani, neno hili lina maana gani, kwa nini nchi yetu iko hivi. Nikisoma habari za dawati hilo naona ndipo ufunguo ulipofika kwa yule kijana wa duka.

Kimbilio lenye jela

Baadhi husema mitaa ya kigeni ilikuwa mahali huru kwa waandishi, kwa kuwa polisi wa Qing na baadaye wa serikali ya chama cha Kuomintang hawakuweza kuingia watakavyo. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 1903 gazeti la Subao lilisifu kijitabu cha kijana Zou Rong kilichotaka utawala wa Qing upinduliwe. Serikali ilimtaka yeye na mwenzake Zhang Binglin wakabidhiwe, na kukabidhiwa kungekuwa kifo. Wageni walikataa wakawashitaki katika mahakama ya mchanganyiko ya Shanghai, ambamo Wachina na wageni waliketi pamoja kuamua kesi. Zhang alipata miaka mitatu, Zou miwili. Zou Rong alifia jela ya Mtaa wa Kimataifa mwaka 1905, kabla hajamaliza kifungo, umri wake haujafika hata miaka ishirini na mmoja. Gazeti lilifungwa. Ulinzi wa mgeni ulikuwa na kikomo, na kikomo hicho kiliwekwa na watu wasiomjua hata aliyelindwa.

Mpaka ule ulikuwa na maana zaidi mabomu yalipoanza kuanguka. Shangwu Yinshuguan ilijenga viwanda vyake Zhabei, upande uliotawaliwa na China, na humo ikafungua kwa umma mwaka 1926 Maktaba ya Mashariki. Zhang Yuanji alikuwa amekusanya kwa miaka mingi. Mwaka 1914 mwizi aliingia Tianyige ya Ningbo, akatoa vitabu kama elfu moja vikaishia kwa wauzaji wa Shanghai, na Zhang alinunua baadhi ili visitoke nje ya nchi.

Tarehe 28 Januari 1932 majeshi ya Japani yalishambulia Zhabei. Kesho yake ndege zililipua viwanda vya Shangwu. Tarehe 1 Februari maktaba ikachomwa. Vitabu zaidi ya 460,000 viliteketea, na majivu ya karatasi yalipeperushwa juu ya mji, hadi ndani ya mitaa ya kigeni ambako hakuna bomu lililokusudiwa kuanguka. Vilivyopona ni vitabu adimu zaidi ya 500 ambavyo vilikuwa vimewekwa mapema katika hifadhi ya benki upande wa pili wa mpaka. Inaelezwa kwamba Zhang alijilaumu: asingevikusanya pamoja, vingebaki vimetawanyika na vingepona. Kampuni ilirudi kazini Agosti mwaka huo huo.

Vile vya benki vilikabidhiwa baadaye kwa maktaba ya taifa mjini Beijing. Maktaba za Xujiahui na za Royal Asiatic Society ziliingizwa katika Maktaba ya Shanghai miaka ya 1950, ambako watafiti huzitumia hadi sasa. Tianyige ni makumbusho, na baada ya 1949 ilirudishiwa sehemu ya vitabu vyake kutoka kwa watu binafsi na wauzaji waliokuwa navyo.